Mbegu ya Ukiriguru katika Mashamba ya Bariadi

Historia ya pamba katika nchi ya Usukuma imekwisha andikwa mara nyingi, lakini aghalabu imeandikwa kama historia ya bei, ya vyama vya ushirika, na ya siasa iliyozaliwa penye mizani ya mnunuzi. Wala si ajabu. Watu waliosimama mbele ya mizani ile wakaona jasho lao likipunjwa ndio walioanzisha vyama vilivyoungana mwaka 1955 kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, chini ya uongozi wa Paul Bomani, na jambo kubwa namna hiyo halikosi kuvuta macho ya mwandishi. Walakini kabla ya mizani palikuwa na shamba, na kabla ya shamba palikuwa na mbegu. Mbegu hiyo haikurithiwa kutoka kwa wazee kama mtama na uwele. Iliundwa, ikapewa jina, ikaelezwa kwa maandishi, ikagawanywa. Na baada ya miaka michache ikaondolewa na nyingine ikawekwa mahali pake. Mkulima wa Ntuzu aliyepanda buluba mwaka 1950, na mwanawe aliyepanda mwaka 1980, hawakupanda kitu kimoja, ingawa wote wawili walikiita kwa jina lile lile moja.

Jamii ya pamba inayolimwa Usukuma asili yake ni Amerika ya Kati. Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi wa karne ya 18, aliipa jina la Kilatini *Gossypium hirsutum*, na neno hilo la pili maana yake ni "yenye nywele". Msomaji na aliweke neno hilo akilini, kwa maana nywele za mmea huu ndizo zilizoamua mengi katika habari inayofuata. Wajerumani waliihimiza pamba katika koloni lao kwa nguvu kuliko busara: walianzisha shule ya kilimo cha pamba huko Mpanganya, Rufiji, na walilazimisha mashamba ya pamoja katika nchi za kusini, hata mwezi Julai 1905 watu wa Umatumbi walipong'oa mashina ya pamba na vita ya Maji Maji ikaanza. Huko Usukuma mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Pamba ilienea hasa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, katika vishamba vya watu wenyewe, kando ya mtama na viazi, na mbegu iliyopandwa ilikuwa mchanganyiko usio na jina, uliotoka kwenye vinu vya kuchambulia na kurudi tena shambani mwaka hata mwaka.

Kituo cha Ukiriguru, kusini ya mji wa Mwanza, kilifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1930. Baadaye kazi yake ya pamba ilishikwa na wataalamu wa shirika la Kiingereza la kuendeleza pamba katika makoloni, lililoundwa mwaka 1921. Taarifa ya kazi ya kuzalisha mbegu kwa ajili ya Jimbo la Ziwa, ambayo J. E. Peat na K. J. Brown waliichapisha mwaka 1961, inaanzia msimu wa 1939 na kukoma mwaka 1957. Ni miaka kumi na minane, na katika miaka hiyo mchanganyiko usio na jina ulitoweka katika mashamba yote, toka Ukerewe hata mipaka ya Maswa, bila ya mkulima hata mmoja kuulizwa.

Adui wa kwanza alikuwa mdudu mdogo wa kijani, chawa-jani, afyonzaye utomvu chini ya jani. Jani lililoshambuliwa hugeuka manjano pembeni, kisha jekundu, kisha hujikunja na kukauka, na mmea hudumaa kabla ya kuzaa. Huko Barberton, Afrika Kusini, mtaalamu F. R. Parnell alikuwa amegundua katika miaka ya 1920 kwamba mimea yenye vinyweleo vingi na virefu chini ya majani haidhuriki sana, na katika mimea hiyo alipata aina iliyoitwa U4, ambayo ilisambaa katika nchi nyingi za Afrika. Watafiti wa Ukiriguru wakaishika njia hiyo hiyo. Mbegu zao za kwanza zilizotolewa kwa wakulima, mwishoni mwa miaka ya 1940, zilikuwa za mimea yenye vinyweleo. Hivyo neno lililoandikwa na Linnaeus kama alama ya kutambulisha tu likawa ngao. Ngao hiyo nayo ilikuwa na gharama yake: jani lenye nywele likikauka huvunjika vipande na kunata katika pamba, na kazi ya kuvitoa vipande hivyo uani iliwaangukia akina mama na watoto, waliotenga pamba safi na chafu kabla ya siku ya kuuza. Kazi hiyo haikuingizwa katika hesabu ya mtafiti yeyote.

Namna ya kuipata mbegu mpya yastahili kuelezwa, kwa sababu wasomi wengi huizungumza kana kwamba ni uganga. Ua la pamba hufunguka asubuhi likiwa na rangi ya maziwa, na kesho yake huwa jekundu na kunyauka. Likiachwa, kwa kawaida hujichavusha lenyewe, ila nyuki huleta chavua ya mashina mengine na kuvuruga nasaba. Basi mtafiti atakaye kuihifadhi nasaba hulifunga chipukizi la ua kwa uzi jioni, lisiweze kufunguka, na mbegu zitokazo humo huwa za mzazi mmoja. Atakaye kuchanganya nasaba mbili hufanya kinyume: jioni huyaondoa machavua ya ua changa kwa mkono, hulifunika, na asubuhi hupaka chavua ya baba aliyemchagua. Kitumba kimoja kina vyumba vinne au vitano, na shina moja laweza kutoa mbegu mia chache. Kila shina lililochaguliwa hupandwa mstari wake peke yake. Mistari hulinganishwa kwa mazao, kwa urefu na nguvu za nyuzi, kwa kiasi cha nyuzi kinachobaki baada ya mbegu kuondolewa, na kwa afya. Mistari mibaya hutupwa, na mizuri huchaguliwa tena mwaka unaofuata. Kutoka shina moja hadi magunia ya kutosha wilaya moja hupita miaka mingi. Kazi ya mikono, ya kufunga nyuzi na kuhesabu vitumba, ilifanywa na vibarua wa Kisukuma, wala majina yao hayamo katika vichwa vya makala zilizochapishwa.

Majina ya mbegu yalikuwa makavu kabisa. Herufi za UK zilisimama badala ya Ukiriguru, na tarakimu zilionyesha mwaka: UK46, UK48, UK51, UK55, na kuendelea hivyo mpaka UK77, UK82 na UK91. Ni bahati tu kwamba herufi hizo ndizo pia kifupi cha Kiingereza cha nchi iliyotawala, nasi hatuna haja ya kutafuta hila ndani yake. Lakini jina la mbegu likiwa ni mwaka tu, laonyesha jinsi waundaji walivyoifikiria: si kitu cha kudumu, bali toleo, kama matoleo ya gazeti, lililokusudiwa kufutwa na toleo lijalo.

Hapa pana jambo ambalo wanahistoria wa Usukuma wameliacha. Katika miaka hiyo hiyo, chini ya Mpango wa Maendeleo ya Usukuma ulioanza mwaka 1947, serikali ilitoa sheria nyingi juu ya kilimo: kulima matuta yaliyofungwa ili maji yasikimbie, kupunguza ng'ombe, kuhamia nchi mpya za mashariki na magharibi. Matuta yale yaliyofungwa yalikuwa nayo ni matokeo ya majaribio ya Ukiriguru, wala hayakuwa mabaya kwa ardhi. Yalichukiwa hata hivyo, kwa kuwa yaliletwa kwa amri na faini. Mbegu, iliyotoka katika kituo kile kile, haikupata upinzani wa namna hiyo. Wengine watasema ni kwa sababu ilikuwa nzuri. Jibu la kweli zaidi ni kwamba mkulima hakuwa na jingine: pamba yake yote ilikwenda kinuni, mbegu zikabaki huko, na mwanzo wa mvua alipewa mbegu ambazo kinu na serikali walizitaka. Mtama aliuweka mwenyewe ghalani akachagua masuke ya kupanda; buluba hakuichagua. Utii ulikuwa umefungwa katika mashine, na mashine haihitaji faini.

Nchi ambayo leo ni Bariadi, wakati huo sehemu ya wilaya ya Maswa, ilikuwa mojawapo ya nchi mpya zilizopokea watu kutoka Usukuma ya kati iliyojaa. Wahamiaji walikuja na ng'ombe wao na ujuzi wao wa udongo, nao ulikuwa ujuzi mkubwa: luseni ni mchanga mwepesi wa juu karibu na mawe, itogolo ni udongo mgumu wa mteremko, mbuga ni udongo mweusi mzito wa bondeni upasukao wakati wa kiangazi. Mkulima alijua kuwa pamba ya luseni na pamba ya mbuga hazifanani hata mbegu ikiwa moja. Mtafiti naye alijua, na kwa sababu hiyo majaribio hayakufanywa Ukiriguru peke yake. Lakini mbegu iliyotolewa ilitolewa kwa nchi nzima, na nchi nzima haina udongo mmoja.

Adui wa pili alikuwa ugonjwa wa bakteria, unaotia majani mabaka na kuyafanya matawi kuwa meusi kama yaliyoungua. Dawa yake ilianzia mbali, huko Sudani. R. L. Knight, akifanya kazi Shambat karibu na Khartoum, alionyesha kuanzia mwaka 1939 kwamba ukinzani wa pamba dhidi ya ugonjwa huo hurithiwa kwa jeni chache zinazoweza kuhesabika, nazo zaweza kuhamishwa kutoka aina moja hadi nyingine kwa kumrudisha mtoto kwa mzazi yule yule mara nyingi, mpaka mtoto afanane na mzazi kwa kila kitu isipokuwa lile jambo moja lililotakiwa. Ugunduzi huu uliwafaa watafiti wa Afrika Mashariki yote. Ulitumiwa Namulonge, Uganda, katika kituo kilichoongozwa na Joseph Hutchinson, na ukinzani wa namna hiyo ukaingizwa pia katika nasaba za Ukiriguru.

Habari za Bwana Knight baada ya Sudani zina mafunzo yake. Alikwenda East Malling, katika jimbo la Kent huko Uingereza, akashika kazi ya kuzalisha aina mpya za matunda, na mojawapo ya matunda hayo ilikuwa rasiberi nyekundu, tunda dogo la nchi za baridi. Rasiberi ilikuwa ikiangamizwa na virusi vinavyobebwa na vidukari. Mtu yule aliyehesabu jeni za pamba jangwani akazihesabu jeni za rasiberi katika mvua za Kent, na mwaka 1959, pamoja na Elizabeth Keep na J. B. Briggs, alichapisha habari za urithi wa ukinzani dhidi ya kidukari wa rasiberi. Fikra ni ile ile ya Barberton na ya Shambat: badala ya kumwua mdudu, mpe mmea tabia asiyoipenda mdudu.

Walakini rasiberi na pamba hutofautiana katika jambo moja ambalo ndilo kiini cha maneno yetu. Rasiberi haienezwi kwa mbegu bali kwa machipukizi ya mizizi. Shina moja lililopatikana kuwa bora hukatwa, hupandwa, hukatwa tena, na baada ya miaka hamsini mashina milioni ni shina lile lile moja. Anayeieleza aina mpya ya rasiberi, rangi ya miiba, umbo la jani, wakati wa kuiva, anaeleza kitu kimoja kisichobadilika, kama mtu anayeandika sura ya mtu. Pamba sivyo. Aina ya pamba ni umati wa watu wa ukoo mmoja. Kila mwaka umati huzaa umati mwingine, nyuki huleta wageni, kinu huchanganya, gunia la jirani humwagika katika gunia hili. Maelezo yaliyoandikwa na mtafiti ni kweli kwa mwaka ule na kwa mbegu zile. Kuyafanya yabaki kweli ni kazi nyingine kubwa kuliko kuyaandika, nayo si kazi ya elimu ya mimea tu, bali ya utawala.

Utawala huo ulikuwapo, kwa uzuri na ubaya wake, kwa muda wa miaka arobaini na zaidi. Nchi iligawanywa katika kanda. Mbegu mpya iliingizwa katika kanda moja, ikazidishwa, ikasukumwa katika kanda ya pili, na ile ya zamani ikatangulia mbele yake mpaka ikaisha. Pamba ya kanda moja haikuchambuliwa katika kinu cha kanda nyingine. Umuhimu wa mpango huu ulizidi ulipotokea mnyauko fuzari katika miaka ya 1950. Ugonjwa huu hukaa udongoni, hupenda ardhi nyepesi ya mchanga yenye minyoo ya mizizi, na mtaalamu G. M. Wickens alionyesha mwaka 1964 kwamba ganda la mbegu laweza kuubeba. Yaani gunia la mbegu kutoka shamba gonjwa laweza kuwa barua ya msiba kwa wilaya nzima. Ndiyo sababu uzidishaji wa mbegu ulikuja kupelekwa Igunga na Nzega, mbali na nchi zilizoambukizwa.

Mwaka 1994 biashara ya pamba ilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Mengi yameandikwa juu ya jambo hilo, na wengi wa waandishi wanasifu kwamba mkulima alilipwa upesi, taslimu, baada ya miaka ya hati za mkopo zisizolipwa na ushirika. Sifa hiyo ni ya haki. Lakini mnunuzi mwenye lori alinunua Maswa, akanunua Magu, akanunua Meatu, akachambua yote mahali pamoja. Na mbegu zilizotoka hapo zilirudi shambani bila ukoo. UK82 na UK91, zilizokusudiwa kukaa mbalimbali, zilikutana katika gunia moja. Kuta za kanda zilianguka bila tangazo, na katika muda mfupi kazi ya vizazi vitatu vya watafiti ilianza kurudi kuwa ule mchanganyiko usio na jina wa miaka ya 1920. Lau mtu angeiba nyaraka za Ukiriguru asingalifanya hasara kubwa hivyo.

Sheria zilikuja baadaye, na zilikuja nyingi. Sheria ya pamba ya mwaka 2001 iliunda Bodi ya Pamba Tanzania. Sheria ya mbegu ya mwaka 2003 iliweka taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu. Na sheria ya hakimiliki za wazalishaji wa aina mpya za mimea, iliyotungwa mwaka 2002 na kutungwa upya mwaka 2012, ilifungua njia ya Tanzania kuingia mwaka 2015 katika mkataba wa kimataifa wa UPOV, wenye makao yake Geneva. Kwa mkataba huo aina mpya ya mmea hutambuliwa ikiwa haijauzwa kabla ya muda uliowekwa, ikitofautiana wazi na nyingine zote zijulikanazo, ikilingana mashina kwa mashina, ikidumu na tabia zake baada ya kuzaa mara nyingi, na ikiwa na jina lake. Masharti hayo yanafaa sana rasiberi. Kwa pamba ya Bariadi yanazua swali: maelezo yakisajiliwa na haki ikatolewa juu ya maelezo, nani atakayehakikisha kwamba mmea ulioko shambani ndio ule uliosajiliwa? Karatasi yaweza kuwa thabiti wakati mmea umekwisha hama.

Lugha nayo ina sehemu yake. Maelezo ya aina za UK yaliandikwa kwa Kiingereza, kwa istilahi za Kilatini, kwa ajili ya watafiti na wafumaji wa ng'ambo. Bwana Shamba aliyefasiri maneno hayo kwa Kiswahili barazani alilazimika kuunda msamiati akiwa njiani: vitumba, pamba mbegu, pamba nyuzi, mbegu zenye manyoya. Ni msamiati mzuri, na ulistahili kukusanywa katika kamusi mapema zaidi. Lakini ulikuwa wa kuagiza, si wa kueleza. Ulimwambia mkulima apande lini, na kwamba mashina ya zamani yang'olewe na kuchomwa kabla ya katikati ya Septemba ili funza asipate pa kulala. Haukumwambia mbegu hii ni nani, imetoka kwa wazazi gani, ina udhaifu gani. Matokeo yalionekana wazi zilipoletwa mbegu zilizoondolewa manyoya, za kupanda mbili au tatu katika shimo, kwa watu waliozoea kutia mbegu nyingi za manyoya kwa ukarimu. Mahali zilipokosa kuota wakulima walilalamika kwamba wamedanganywa, na mahali zilipoota walisema ni mvua. Huwezi kumlaumu mtu kwa kutoiamini mbegu ambayo hajawahi kujulishwa nayo.

Katika Meatu kumekuwa na jaribio la namna nyingine. Tangu mwaka 1994 kampuni ya bioRe imekuwa ikinunua huko pamba iliyolimwa bila dawa za viwandani, na kwa kilimo hicho tabia ya mmea wenyewe ina thamani kuliko mahali pengine popote, kwa kuwa mkulima asiyepulizia dawa hana ngao ila ile iliyo katika jani. Vinyweleo vya Parnell bado vina kazi.

Mkoa wa Simiyu ulipoundwa mwaka 2012, ukiwa na Bariadi kama makao yake makuu, ulikuwa tayari nchi ya pamba kuliko nyingine yoyote Tanzania. Miaka minne kabla yake, mwaka 2008, Ukiriguru ilikuwa imetoa aina mpya, UKM08, yenye nyuzi nyingi zaidi kwa kila kilo ya pamba mbegu kuliko UK91. Uzidishaji wake ulianzia Igunga, ukaenda polepole, kwa uhaba wa fedha na kwa uhaba wa vinu vilivyokubali kuchambua aina moja peke yake. Kwa miaka mingi baada ya kutangazwa kwake, mkulima wa Bariadi aliendelea kupanda kilichoitwa UK91. Aina hiyo ilikuwa imekwisha pita miaka ishirini shambani, vizazi ishirini na zaidi vya nyuki, malori na vinu, na maelezo yake ya mwaka 1991 yalikuwa yakieleza mmea ambao wengi wa watu hao hawakuwa nao tena.